Dkt Livingstone alizikwa mara ngapi?

Mpenzi msomaji, mwulize mwanao aliye shuleni ni nani aliyemtafuta Daktari David Livingstone hadi akampata Ujiji, naye atakujibu bila hata kukuna kichwa: Henry Morton Stanley, mwaka 1871. Sasa mwulize swali la pili. Je, Livingstone alizikwa mara ngapi? Hapo atakutazama akidhani unamfanyia mzaha. Mtu huzikwa mara moja, baba!

Si huyu. Ukihesabu makaburi yote yanayotajwa katika kisa chake, ya kweli na ya uongo, utapata manne. La kwanza lilichimbwa kwa maneno matupu, mwenyewe akiwa hai na anatembea kwa miguu yake. La pili lilikuwa la moyo wake na matumbo tu. La tatu lingekuwa la mabua ya mtama, na hata halikuwahi kuchimbwa. La nne liko London, na hilo nalo halikufunikwa mpaka daktari alipoutazama mfupa mmoja na kusema, naam, ndiye.

Vitabu vya shule hukimbilia Ujiji na kuyaacha haya. Ni hasara, kwa maana hapa ndipo utakapowakuta watu wa pwani yetu na wa bara wakiwa wenye kisa, si wabeba mizigo tu nyuma ya mzungu.

Hebu turudi Unguja, Januari 1866. Livingstone, Mskoti mwenye umri wa miaka 52, aliwasili huko akiwa na nia ya kutafuta chanzo cha mto Nile na kuchunguza biashara ya watumwa. Alipoingia bara kupitia bonde la mto Ruvuma alikuwa na msafara wa watu wapatao 60. Walikuwamo askari wa Kihindi, vijana waliookolewa utumwani na kulelewa Nasik nchini India, na watu 10 wa kisiwa cha Nzwani huko Komoro, ambacho Waingereza walikiita Johanna. Mkubwa wa hao wa Nzwani aliitwa Musa. Walikuwamo pia vijana wawili ambao majina yao nakuomba uyaweke akilini: Abdullah Susi wa Shupanga, kando ya mto Zambezi, na Chuma, Myao ambaye Livingstone mwenyewe alikuwa amehusika kumtoa katika minyororo ya watumwa miaka mitano iliyotangulia.

Msafara haukwenda vyema. Askari walirudishwa njiani. Wengine waliugua, wengine wakatoroka. Kufikia Septemba walikuwa upande wa kusini wa Ziwa Nyasa, na huko wakapata habari kwamba njia ya mbele imejaa Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Mazitu, wanaopora na kuua. Musa na wenzake walisikia hayo, wakatua mizigo, wakageuza. Livingstone akaendelea na wachache waliobaki.

Kaburi la Musa

Mnamo Desemba 1866 Musa na watu wake waliingia Unguja na kwenda moja kwa moja kwa Mwingereza aliyeshikilia kazi ya ubalozi, Daktari Seward. Pamoja naye alikuwako Daktari John Kirk, ambaye alikuwa amesafiri na Livingstone kwa miaka mingi kule Zambezi na kumfahamu vizuri.

Musa akasimulia. Alisema walikuwa wamevuka ng'ambo ya magharibi ya ziwa, wakashambuliwa na Mazitu kwenye uwanda wenye nyasi ndefu. Bwana wao alipiga risasi akaangusha adui, na alipokuwa akishindilia baruti upya, mtu akamjia kwa nyuma akampiga shoka la shingo. Yeye Musa na wenzake walijificha. Maadui walipokwisha kuondoka walitoka mafichoni, wakamkuta bwana wao maiti, wakachimba kaburi fupi kwa vijiti, wakamlaza humo na kumfukia.

Hebu jiweke mahali pa Kirk. Rafiki yako yuko bara, huna barua yake, na mbele yako yuko mtu aliyeondoka naye. Wewe ungefanyaje? Seward na Kirk walimhoji Musa kwa urefu, wakarudia maswali, wakajaribu kumkamata kwa hili na lile. Maelezo yake hayakuyumba. Kirk, mtu mwangalifu na mwenye elimu, aliamini. Barua ziliandikwa, na ilipofika Machi 1867 habari zilikuwa kwenye magazeti ya London: Livingstone ameuawa.

Nadhani kilichomponza Kirk ni lile kaburi. Musa angalisema tu kwamba bwana amepotea, wangalimwuliza amepotea wapi, na mbona hamkumtafuta. Lakini mtu akikuambia alimzika mwenzake kwa mikono yake, utaanzaje kumbishia? Maneno hukwama kooni. Na kaburi lenyewe liko mbali mahali ambapo hakuna atakayekwenda kulifukua leo wala kesho.

Sababu ya uongo huo ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na kilio ulichozua. Mtu aliyetoroka kazi hana cha kudai, ilhali aliyefiwa na bwana wake anadai mshahara wake wote. Kwa ajili ya mishahara hiyo watoto wa Livingstone, ambao tayari walikuwa wamempoteza mama yao kule Shupanga mwaka 1862, waliambiwa kwamba sasa hawana baba pia. Kitinda mimba, Anna Mary, alikuwa na umri wa miaka minane.

Na baba mwenyewe? Aprili 1, 1867, magazeti ya kwao yakiwa bado na habari za kifo chake, Livingstone alikuwa amesimama akilitazama Ziwa Tanganyika kwa upande wa kusini. Alikuwa mgonjwa na amekonda, kwani miezi michache nyuma mtoro mmoja alikuwa amekimbia na sanduku lake la dawa. Ikiwa kuna shoka lililompiga, msomaji, ni hilo.

Si wote waliomwamini Musa. Sir Roderick Murchison, mkuu wa Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme, alikataa katakata. Mwingine alikuwa mwanamaji Edward Young, aliyewahi kufanya kazi na Musa kule Zambezi na ambaye hakuwa tayari kulitegemea neno lake hata kidogo. Jumuiya ikampa Young safari ya kwenda kuhakikisha. Aliondoka Uingereza Juni 1867 na mashua ya chuma iliyoundwa vipande vipande. Walipofika kwenye maporomoko ya mto Shire waliifungua, wapagazi wakaibeba vichwani hadi maji matulivu, wakaiunga tena na kuingia ziwani.

Young hakulitafuta kaburi. Aliwauliza watu. Kijiji baada ya kijiji walimweleza juu ya mzungu aliyepita, jinsi alivyokuwa, alikotoka na alikoelekea, wakamwonyesha vitu vidogo alivyowaachia. Kisha akafika kwa chifu Marenga, na hapo hadithi ya Unguja ikaporomoka. Marenga alimweleza kwamba mzungu aliondoka kwake salama salimini, na siku mbili hivi baadaye Musa na wenzake wakarudi peke yao, wakisema kwamba mapatano yao ya kazi yamekwisha na wanakwenda zao nyumbani. Young akafunga safari, na Januari 1868 alikuwa amerudi Uingereza. Mwaka huo huo barua za Livingstone mwenyewe zikafika. Marehemu alikuwa ameandika kwa mkono wake!

Kesho yake ya kweli

Sasa turuke miaka mitano. Stanley amekuja Ujiji na kuondoka. Kutoka pwani amemletea Livingstone wapagazi wapya, wakiwamo vijana wengine wa Nasik, mmoja wao Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika Kiingereza. Susi na Chuma bado wapo. Alfajiri moja mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo karibu na Ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia, kijana aliyelala mlangoni mwa kibanda aliamka akaingiwa na wasiwasi. Akamwita Susi. Walimkuta mzee amepiga magoti kando ya kitanda, uso umelalia mikono juu ya mto, mshumaa ukiwaka. Walimgusa shavu. Lilikuwa baridi.

Fikiria basi hali yao. Mzungu mashuhuri amefia mikononi mwao, zaidi ya maili 1,000 kutoka pwani, hakuna mzungu mwingine aliyeshuhudia, na wanajua siku wakifika Unguja watasimama mbele ya balozi wa Mwingereza na kusema maneno yale yale aliyosema Musa: bwana amefariki, tumemzika. Nani atawaamini? Wengi wameandika kwamba watu hawa walimbeba Livingstone kwa mapenzi, nami sipingi. Ila siwezi kuamini kwamba Susi na Chuma, ambao walikuwa pale Musa alipotua mzigo wake, walikuwa wamemsahau. Baada ya Musa, neno la mdomo halikutosha tena. Ilibidi maiti yenyewe ije iseme.

Tazama jinsi walivyofanya kila jambo mbele ya mashahidi. Walikusanyana wote, masanduku ya marehemu yakafunguliwa hadharani, na Wainwright akaandika orodha ya vilivyomo ili asije mtu akadai kimeibwa hiki au kile. Kisha wakaanza na uongo mdogo: walitaka kumficha Chitambo kifo hicho, wakihofia kutozwa faini kubwa au kufukuzwa. Lakini chifu hakuwa mjinga. Alikuwa amekwisha kujua, akawauliza mbona hawakumwambia ukweli, kisha akaja na watu wake kuomboleza kwa heshima zote za kwao.

Farijala, aliyewahi kuwa mtumishi wa daktari huko Unguja na kujua kidogo mambo ya upasuaji, aliupasua mwili. Moyo na matumbo vilitiwa katika sanduku la bati na kuzikwa chini ya mti, Wainwright akisoma sala za maziko. Hilo ndilo kaburi letu la pili. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukigeuzwa kila siku. Walipoona umekauka waliikunja miguu, wakauviringisha katika nguo, wakaufungia ndani ya gome la mti lililotolewa zima kama bomba, wakashonea juu turubai na kulipaka lami. Kwenye ule mti Wainwright alichonga jina la marehemu na tarehe. Kipande hicho cha mti kilikatwa mwaka 1899 na kupelekwa London.

Tarehe aliyochonga ni Mei 4. Susi na Chuma walisema ni Mei 1, na ndiyo inayofuatwa mpaka leo. Hili halinisumbui hata chembe. Wafiwa walio katika safari ndefu hupotewa na siku. Aliyekuja na maelezo yasiyo na mkwaruzo alikuwa Musa.

Safari ilichukua miezi tisa. Walivuka vinamasi na mito, wakaugua, wakapigana, baadhi yao wakafa. Oktoba walifika Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora, wakamkuta Luteni Cameron aliyekuwa ametumwa na Waingereza kuja kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo, kwani njia ya mbele ni ya hatari na watu wa huko hawataki maiti ipite katika nchi yao. Walikataa. Ofisa wa Malkia anasema zika, wapagazi wanasema hatuziki, na mwisho ni wao walioshinda.

Mtumba wa Kasekera

Lakini Cameron alikuwa amesema kweli juu ya njia. Walipokaribia mahali paitwapo Kasekera walipata habari kwamba wenyeji hawataruhusu maiti ipite. Hapo, mpenzi msomaji, ndipo watu hawa waaminifu walipotengeneza maiti ya uongo.

Walitangaza kwamba wamebadili nia na kwamba mwili unarudishwa Unyanyembe ukazikwe huko. Usiku wakalitoa lile gome na kulizika ndani ya kibanda. Mwili wakaufunga upya kwa nguo na kamba, ukawa kama robota la kawaida la vitambaa, la aina iliyopita katika njia hiyo kila siku. Kisha wakakata mabua ya mtama ya urefu wa mtu, wakayafunga pamoja na kuyavisha sanda. Asubuhi watu sita wakayabeba mabua hayo kwa taratibu zote za mazishi, wakashika njia ya kurudi Unyanyembe, wenyeji wakiwatazama na kuridhika. Walipokwisha kutokomea porini wakaanza kuyatupa mabua moja moja, huku bua na kule bua, hata nguo zilizoyafunika wakaziacha, kisha wakarudi mmoja mmoja kwa kujificha wakaungana na wenzao.

Livingstone akapita Kasekera akiwa mtumba! Siku hizi tukisema mtumba tunawaza Gikomba na koti la mtu wa Ulaya. Wakati huo mtumba ulikuwa mzigo wowote uliofungwa wa kubebwa na mpagazi, na katika mmoja wa mitumba hiyo alikuwamo mtu ambaye nusu ya dunia ilikuwa ikimwuliza yuko wapi.

Utauliza, basi hawa wana tofauti gani na Musa? Wote wawili walidanganya watu juu ya maiti ya mtu mmoja. Lakini Musa alitunga kaburi ili asiulizwe zaidi. Hawa walitunga maiti ya mabua ili ile ya kweli ifike mahali ambapo ingeweza kuulizwa na kujibu.

Februari 1874 waliingia Bagamoyo, wakaukabidhi mwili. Kutoka hapo ukapelekwa Unguja. Balozi aliwalipa mishahara yao, nao wakatawanyika bila sherehe. Waliombeba mwendo wote huo hawakuitwa kwenye meli, isipokuwa Jacob Wainwright, ambaye nauli yake ililipwa na wamishenari.

Mfupa unasema

Uingereza ilikuwa imekwisha kulia mara moja bure, na safari hii wapo waliotaka kwanza kuona. Uso haukutambulika tena baada ya chumvi, jua na miezi tisa ya njia. Wangejuaje kwamba hawaziki mtu mwingine?

Jibu lilikuwa katika mkono wa kushoto. Mwaka 1844, akiwa bado kijana kule Mabotsa, kusini mwa Afrika, Livingstone alirukiwa na simba, akamkamata begani na kumtikisa kama mbwa anavyotikisa panya. Mwalimu wa Kiafrika, Mebalwe, ndiye aliyemwokoa kwa kumvuta simba amrukie yeye. Mfupa wa mkono ulivunjika kati ya bega na kiwiko, na haukuunga sawasawa. Ncha zake mbili ziliachana, zikafanya kiungo kingine pasipo kiungo. Rafiki zake waliujua mkono huo, na mmoja aliyewahi kuuchunguza akiwa hai ni daktari wa upasuaji Sir William Fergusson.

Mwili ulifika Southampton Aprili 15, 1874, na jioni hiyo hiyo ukawa katika nyumba ya Jumuiya ya Kijiografia, London. Fergusson akafungua nguo, akautafuta ule mkono wa kushoto. Mfupa uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma ulikuwa pale pale, umepinda na haujaunga. Hakukuwa na mjadala tena.

Siku tatu baadaye alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Miongoni mwa walioandamana na jeneza kwa kulishika alikuwa John Kirk, aliyeliamini kaburi la Musa, na Edward Young, aliyekwenda kulipinga. Pamoja nao alikuwa Jacob Wainwright, aliyesoma sala pale Chitambo, Mwafrika pekee kati yao. Susi na Chuma walialikwa Uingereza baadaye mwaka huo, mazishi yakiwa yamekwisha pita, wakasaidia kuyaeleza maandishi ya mwisho ya bwana wao ili yachapishwe. Jiwe la kaburi halina jina lao.

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, Susi mwaka 1891, na Wainwright mwaka uliofuata, huko Urambo. Lakini mmoja wa waliokuwa katika msafara ule, Matthew Wellington, kijana mwingine wa Nasik, aliishi miaka mingi sana. Alihamia Mombasa na kukaa Freretown, kijiji cha watumwa waliookolewa ambacho kengele yake ya zamani bado iko pale Kengeleni, upande wa Kisauni. Wazee na vijana walimjua kama mtu aliyembeba Livingstone. Alifariki mwaka 1935, na kwa miaka hiyo yote mtu mwenye shaka alichohitaji ni kwenda kwake na kumwuliza.